Sindano Kali

Mkono wa Fancy ulipovimba, kijiji kizima kilifurahi isipokuwa mimi.

Ulivimba pale chini ya bega, pakawa pekundu na moto, na usiku akatetemeka kwa homa. Asubuhi alikwenda na kikapu chake cha chai mpaka kituo cha kupimia, na akakishusha kwa mkono mmoja huku amekunja uso. Hezekiah jirani yangu, ambaye mdomo wake hauna mlango, akamwona.

"Watu wa Mungu, njooni muone! Msichana ya Johana amepata ile kali! Hiyo mkono imeshika!"

Wanawake wakaacha vikapu vyao wakaja kumgusa. Karani naye akaacha mizani. Walimpongeza kama mtu aliyepita mtihani, na yeye binti yangu akasimama pale katikati ya majani ya chai akitabasamu, eti ameshinda. Mimi nilikuwa nyuma ya foleni na gunia langu begani. Hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi ndiye niliyekataliwa.

Wacha nieleze hii sindano, kwa sababu wakubwa walivyoielezea kwenye baraza, nusu ya watu walirudi nyumbani na soda tu.

Kuna homa wanaiita ya Bonde la Ufa. Inaanza kwa ng'ombe. Mvua ikinyesha kupita kiasi, mbu wakijaa, ng'ombe wanaanza kutupa, yaani ndama anatoka kabla ya wakati wake, amekufa. Mtu akishika ile damu na yale maji, ugonjwa unaweza kumwingia. Wengi wanaumwa kichwa na mgongo, wanapona, wanasema ilikuwa malaria. Wachache wanatoka damu. Mke wangu Chepngeno alikuwa kwa hao wachache.

Yeye ndiye aliyekuwa anaitwa na kila mtu ng'ombe akishindwa kuzaa. Alikuwa na mikono miembamba na subira. Ile mvua kubwa ilipokuja, redio ilikuwa imesema itakuja. Wakubwa walijua. Waliketi katika ofisi zao wakasikiliza redio ile ile tuliyosikiliza sisi, na hawakufanya kitu. Ng'ombe wetu akatupa, Chepngeno akakunja mikono ya sweta akaingia, akamtoa ndama, akanawa, akapika chai. Haikupita wiki macho yake yakawa mekundu kama ya mtu aliyepulizia moto wa kuni mbichi. Kliniki wakasema malaria. Kliniki nyingine wakasema taifodi. Damu ilipoanza kutoka kwenye fizi, wakasema nimpeleke hospitali kubwa, kama vile mimi nilikuwa nimemficha. Huko akafa kabla majibu ya damu yake hayajarudi kutoka Nairobi.

Na unajua chanjo ya ng'ombe ilifika lini? Ilifika udongo wa kaburi haujashikana. Kijana mmoja na kisanduku cha barafu, amevaa gamboti mpya, akaniuliza, "Mzee, mama yuko wapi, tunahitaji mtu wa kushika ng'ombe."

Hilo ndilo jambo ambalo sitalisahau. Ng'ombe ana chanjo yake tangu zamani, hata kama inafika imechelewa. Mtu mwenye kura hana. Nilimuuliza mheshimiwa wetu hivyo mbele ya watu, baadaye kwenye mazishi mengine. Akasema, "Swali zuri sana," akaingia kwenye gari.

Basi ndiyo maana hawa wa utafiti walipokuja, nikawa wa kwanza kwenye mlango. Walipewa ile stoo ya zamani ya mbolea hapo hapo kituo cha chai, wakaipaka rangi nyeupe, wakaweka friji na vitanda. Mkubwa wao ni daktari Celine, mama mrefu kutoka upande wa ziwani, mwenye sauti ya chini. Wengine ni vijana waliosoma chuo cha Kabianga, wanaojua lugha yetu ya Kipsigis, wa kutuelezea wazee.

Daktari Celine alisema wazi, simnyimi hiyo. Alisema chanjo ya binadamu bado inatengenezwa. Imeonekana haidhuru, sasa wanataka kujua kama inazuia. Nusu yetu tutapata hiyo. Nusu watapata chanjo nyingine ya zamani, ya homa ya uti wa mgongo, ili watu walinganishwe. "Na hakuna atakayejua amepata gani," akasema. "Sio nyinyi, sio muuguzi, hata mimi mwenyewe."

"Daktari," Hezekiah akainua mkono, "sasa nyinyi watu ya samaki mtatufundisha habari ya ng'ombe?"

Watu wakacheka. Alikuwa ametuambia pia tuchemshe maziwa kabla ya kuyaweka kwenye kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na hilo liliuma watu kuliko sindano.

"Mzee," daktari akamjibu, "samaki angalau tunapika."

Wakacheka zaidi, na Hezekiah akacheka kuliko wote. Hapo ndipo watu walipokubali, nafikiri. Si kwa sababu walielewa.

Mimi walinitoa damu kwanza, kama kila mtu. Nikarudi siku waliyoniambia, nimeoga, nimevaa shati la kanisa. Daktari Celine akaniita ndani peke yangu.

"Mzee Johana, hatuwezi kukuchanja. Damu yako inaonyesha huu ugonjwa ulishakupata, ukapona. Mwili wako unaujua tayari."

"Ulinipata lini?"

"Siwezi kukuambia siku. Uliumwa wakati mama alipoumwa?"

Nikakumbuka. Kichwa kilikuwa kinapasuka, na mgongo. Nilimshikia yule ng'ombe kamba wakati Chepngeno anavuta. Nilidhani ni kule kukesha hospitalini, nikameza dawa ya maumivu, nikaendelea. Sisi wawili tulikuwa kwenye zizi lile lile na ng'ombe yule yule. Mimi nikapewa kichwa kuuma, yeye akapewa kaburi. Na huyu mama ananiambia kama anayenipa habari njema.

"Kwa hivyo sina kazi hapa," nikasema.

"Ungependa tuchukue damu kidogo mara kwa mara? Damu ya mtu aliyepona inatufundisha sana jinsi ya..."

"Mlikuwa wapi wakati kulikuwa na damu ya kutosha?" nikasema, nikatoka. Yalikuwa maneno mabaya, na haikuwa yeye aliyestahili, lakini wale waliostahili hawaji hapa.

Fancy akachanjwa. Mkono ukavimba.

Sasa wewe nenda umwambie mkulima wa chai kwamba kitu chake kimepimwa lakini hataambiwa. Sisi kila asubuhi karani anatia mkono kwenye kikapu, anachambua, anakuambia usoni haya majani mazuri, haya yamekomaa, toa. Tumezoea hivyo tangu tuzaliwe. Kwa hivyo watu wakajipimia wenyewe. Aliyevimba au kupata homa, huyo amepata kali. Ambaye hakusikia kitu, huyo amepigwa maji. Kwenye foleni ya chai wakaanza kuitana hivyo, kali na maji. Kuna mzee alikataa kabisa kurudi kwa sindano ya pili kwa sababu mke wake alipata kali na yeye akapata maji, akasema hawezi kudharauliwa nyumbani kwake.

Ningecheka kama wangeishia hapo. Lakini mvua ilipoanza tena mwaka huu, na ng'ombe kule chini kwenye bonde wakaanza kutupa, watu wakawa na akili mpya. Wakasema, sasa tuna watu wa kali. Wao ndio washike. Wakaanza kumwita Fancy.

Ana mikono ya mama yake. Kila mtu anajua. Akaitwa kwa mjane mmoja karibu na shule, akaenda, ndama akatoka hai, kumbe haikuwa homa. Akaitwa kwingine. Akarudi nyumbani na damu imekauka mpaka kwenye kiwiko, anaimba.

"Glavu ziko wapi?" nikamuuliza.

"Baba, zile za kituo zinaishia hapa." Akaonyesha kifundo cha mkono. "Ukiingiza mkono zinajaa maji."

"Basi usiingize."

"Na nani aingize? Daktari wa mifugo? Ulimwona lini?"

Hapo alisema kweli. Daktari wa mifugo wa wadi yetu ni mmoja, na pikipiki ya kazi ikiwa nzima haina mafuta, na ikiwa na mafuta iko kwenye mkutano mjini Litein.

"Mimi nimechanjwa, Baba. Mama hakuchanjwa. Hiyo ndiyo tofauti."

"Hujui umechanjwa na nini."

"Si uliona mkono?"

Niliuona. Na nitasema kweli, kuna sehemu ya moyo wangu ilitaka kuamini ule mkono. Lakini mimi nimeaminishwa vitu vingi na watu wenye uhakika. Malaria. Taifodi. Swali zuri sana.

Halafu ikaja siku ya Hezekiah.

Nilikuwa nachuma chai shamba la juu, mvua imekatika kidogo. Nikamsikia kabla sijamwona, anapanda kwa njia ya miti akipumua kama trekta.

"Baba Fancy! Fancy ameshatoka? Hajafika kwangu."

"Afike kufanya nini?"

"Ile ng'ombe nyeusi inatupa. Tangu jana inatoa damu, ndama imekwama. Nilimpigia simu, alisema anakuja." Akasimama, akashika magoti. "Na ya Chepkwony chini hapo imetupa juzi. Na ya shemeji yangu. Hii si mchezo, Johana."

"Na kwa sababu si mchezo umemwita msichana wangu?"

"Si yeye ni kali?"

Nilitupa kikapu. Majani yote yakamwagika kwenye matope. Kwa Hezekiah ni kule ng'ambo ya kijito, na kituo cha chai kiko njiani. Nikajiambia, kabla sijamtoa binti yangu kwa nguvu mbele ya watu, nitampa mtu mmoja nafasi ya kunijibu swali.

Daktari Celine alikuwa anafunga friji. Sikubisha hodi.

"Fancy wangu alipata gani?"

"Karibu, mzee. Keti kwanza."

"Sikai. Anaingia kwenye zizi la Hezekiah, ng'ombe anatupa. Niambie alipata gani. Ile yenu ama ile nyingine. Neno moja tu."

Akasimama wima. "Mwambie asiingie. Nilishawaambia wote, aliyechanjwa na asiyechanjwa, mtu asishike."

"Waliambiwa. Wanasema mkono wake ulivimba."

"Mkono unavimba kwa zote mbili!" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Zote zinaleta homa. Ile ya uti wa mgongo inavimbisha watu kila siku. Nimelisema hili mpaka nimechoka, mzee. Nani alianza haya mambo ya kali na maji?"

"Nyinyi! Mtu akifichwa kitu atajitafutia. Fungua hiyo kompyuta uniambie."

"Orodha haimo humu. Iko mahali pengine, kwa watu wengine, na mimi sina ufunguo. Tukijua, tutaanza kuwaangalia watu kwa macho tofauti, na mwisho hatutajua kama chanjo inafanya kazi. Itatupwa tu kama nyingine zilizotupwa. Inaweza kufunguliwa kwa mtu mmoja, lakini ni kama ameugua na matibabu yanahitaji."

"Mpaka augue."

Akachukua simu yake mezani.

"Mpaka macho yawe mekundu, ndiyo mtafungua. Haya. Mama yake pia majibu yake yalikuja baadaye. Kompyuta haina binti, daktari. Ndiyo maana inaweza kungoja."

"Unafikiri mimi sitaki kujua?" akasema. "Niko hapa tangu mvua ianze, kila asubuhi nawaona wanapita na vikapu, nasalimia, sijui nani ana kinga na nani hana. Unafikiri nalala?"

Sikutaka kusikia habari ya usingizi wake. Nilitaka mtu mmoja kwenye nchi hii anipe jibu.

"Kwa hivyo kijiji hiki chote," nikasema, "hakuna hata mtu mmoja unayeweza kuniambia, huyu hapa najua ana kinga?"

Nadhani alitamani asiseme.

"Yuko mmoja," akasema. "Ni yule niliyemkataa."

Ilinichukua muda kuelewa. Nikaitazama mikono yangu. Ilikuwa myeusi kwa utomvu wa chai.

"Sijasema uende," akaongeza haraka. "Sikuahidi kitu. Nampigia daktari wa mifugo sasa hivi."

"Mpigie. Na mimi nipe glavu."

Akanipa za aina mbili, moja juu ya nyingine, na aproni ya plastiki, na miwani, na kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na dawa ya kumwaga. Akanifunga mikono kwa plasta mpaka juu ya kiwiko, haraka haraka, akinipa maagizo ambayo sikuyasikia nusu yake. Nilitoka pale nafanana na mtu wa kupulizia mahindi dawa.

Fancy alikuwa ndani ya zizi tayari. Amekunja mikono ya sweta, amepaka sabuni mpaka kwapani, amepiga goti nyuma ya ng'ombe. Kama ungemwona kutoka nyuma ungesema ni Chepngeno. Ile sweta ilikuwa ya Chepngeno.

"Toka," nikasema.

Akageuka. "Baba? Umevaa nini?"

"Toka humo kabla hujagusa kitu."

Hezekiah alikuwa ameshafika, na mke wake, na majirani wamejipanga kwenye ua. Hezekiah akaona aproni, akasahau shida yake. "Johana, wewe na ng'ombe? Hata kukamua hujui! Hiyo ng'ombe yangu itakufa kwa kicheko."

"Na wewe Hezekiah, ukimwita msichana wangu tena, nitakuja kukamua mdomo wako."

"Baba, unaniaibisha," Fancy akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha ya nyumbani. "Wananihitaji. Mimi nina sindano."

"Nimetoka kwa daktari sasa hivi. Mkono unavimba kwa zote mbili. Hajui ulipata gani, wala mimi sijui, na wewe hujui. Mimi najulikana. Mimi damu yangu ilishapimwa, imeandikwa kwenye karatasi zao kwamba sina maana kwa utafiti wao. Haya, leo nina maana. Toka, mama. Tafadhali."

Hilo neno tafadhali silitumii nyumbani. Nafikiri ndilo lililomwinua. Alisimama na ile sabuni inadondoka kwenye vidole, macho yamejaa maji ya hasira, akapita kando yangu bila kunigusa. Nikamwambia anawe. Akanawa huku anapiga maji kama ananipiga mimi.

Nikapiga goti. Sijui niseme nini kuhusu kilichofuata. Sikujua kitu. Ng'ombe alikuwa amechoka, ulimi uko nje. Niliingiza mkono, nikashika kitu, nikavuta.

"Usivute!" Fancy akapiga kelele kutoka kwenye ua. "Umeshika nini?"

"Mguu."

"Wa mbele ama wa nyuma?"

"Nitajuaje?"

"Goti linakunja upande gani?"

"Halikunji!"

"Baba, tulia. Fuata mpaka juu. Unasikia kichwa?"

Majirani walikuwa wanacheka, halafu wakaacha. Tuliendelea hivyo, yeye anapiga kelele huko nje na mimi natii humu ndani, jasho limejaa kwenye ile miwani mpaka sioni. Akaniambia rudisha, geuza, ngoja asukume, sasa, sasa! Mama yake alikuwa anasema vile vile, ngoja asukume. Mwisho ndama akatoka, mdogo, laini, hana hata manyoya ya kutosha, amekufa zamani. Nikakaa kwenye samadi naye mapajani, na nikamtukana mheshimiwa, na kliniki, na yule kijana wa gamboti mpya, mmoja mmoja, kwa sauti. Hakuna aliyenikataza.

Daktari wa mifugo alifika jioni, pikipiki imeazimwa. Alichukua vipande vya ndama kwa kupima, tukamzika kwa kina na chokaa, na dawa ikamwagwa zizini. Majibu yalirudi safari hii kabla mtu hajafa. Ilikuwa yenyewe, homa ya Bonde la Ufa. Daktari Celine alikuja mwenyewe kuniambia. Alinitazama macho kila alipopita, akaniuliza kama naumwa kichwa. Sikuumwa. Fancy pia hakuumwa.

Ungedhani binti yangu angenishukuru. Alikaa siku nyingi akinipa chakula bila kusema neno. Alipoongea alisema, "Ulinitoa mbele ya watu kama mtoto." Nikasema ndiyo. Akasema, "Na kama nilipata ile yenyewe?" Nikasema, siku wakifungua kompyuta yao utakuja unicheke. Tunangoja. Wanasema itachukua muda, kuna wakubwa juu ya wakubwa, na ikionekana inafaa, kuna wengine tena wa kuamua itatengenezwa wapi na itafika kwa nani kwanza. Nilimwambia daktari Celine, naikubali damu yangu ichukuliwe, kila mara, lakini andika mahali kwamba ikipatikana ifike kabla ya mvua. Akasema hana pa kuandika hivyo. Nikasema najua.

Sasa mimi ndiye ninayeitwa. Jana wameniita tena, ng'ambo ya barabara, kwa mzee aliyepigwa maji. Nilikuwa nimeketi na chai yangu. Nikavaa aproni nikilaani, nikatafuta glavu. Fancy alikuwa ameshatangulia nje, amesimama kwenye mvua na ndoo na sabuni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kusimama kwenye ua," akasema. "Peke yako utamuua huyo ng'ombe."

Mkono wake umepona kabisa. Aliponyoosha kunipa sabuni niliuangalia, kama ninavyouangalia kila siku. Hauonyeshi kitu.